Mpelelezi Asiye na Fumbo: Kisa cha Filamu ya Dylan Dog

Ijumaa ya tarehe 29 Aprili 2011, kumbi za sinema za Marekani zilipokea filamu kadhaa mpya kwa mpigo. Mojawapo, Fast Five, ilikusanya zaidi ya dola milioni 80 katika siku tatu za mwanzo. Nyingine, Dylan Dog: Dead of Night, iliyofunguliwa katika kumbi 875, ilipata chini ya dola 800,000 katika siku hizo hizo, yaani wastani usiofika dola 1,000 kwa kila ukumbi. Ilipoondolewa kabisa kumbini nchini humo ilikuwa imeingiza takriban dola milioni 1.2, na hata baada ya kujumlisha mapato ya nchi nyingine, ikiwemo Italia ilikotangulia kuonyeshwa katikati ya Machi, jumla yake ilibaki chini ya dola milioni 5. Gharama ya kuitengeneza ilikuwa takriban dola milioni 20, bajeti inayohesabiwa kuwa ndogo kwa filamu ya aina yake huko Marekani.

Kwa mtengenezaji wa filamu wa Dar es Salaam au Nairobi, kuziita dola milioni 20 bajeti ndogo ni kejeli. Hata hivyo kipimo hapa ni cha soko lililokusudiwa. Wiki moja tu baadaye, Thor, filamu nyingine iliyotokana na majarida ya katuni, iliingia katika kumbi hizo hizo ikiwa imegharimu dola milioni 150. Dylan Dog ilitaka kushindana na filamu za aina hiyo, ikiwa na wanyonya damu, mbwamwitu wenye umbo la watu, zombi na hata pepo mkubwa wa kuzimu, kwa fedha zisizofika hata sehemu moja ya saba ya zile za mshindani wake. Ndiyo sababu maelezo yanayotolewa mara nyingi kuhusu kuanguka kwake ni mawili: kwamba fedha hazikutosha, na kwamba watengenezaji waliisaliti kazi ya asili. Maelezo hayo yote mawili yana ukweli ndani yake, lakini hayatoshi. Uamuzi ulioiangusha filamu hii ulifanyika kwenye karatasi, kabla kamera haijawashwa, na haukuhitaji dola hata moja ya ziada ili uwe tofauti.

Dylan Dog alizaliwa Italia mwishoni mwa Septemba 1986, mwandishi Tiziano Sclavi alipotoa toleo la kwanza la jarida la katuni lenye jina hilo kupitia shirika la Sergio Bonelli, huku michoro ya toleo hilo ikiwa ya Angelo Stano. Jarida hilo lilichapishwa kila mwezi kwa rangi nyeusi na nyeupe, likiuzwa katika vibanda vya magazeti kwa bei ya mtu wa kawaida, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 lilikuwa likiuza nakala mamia ya maelfu kwa mwezi. Mhusika wake ni aliyekuwa ofisa wa Scotland Yard, yaani polisi wa London, ambaye sasa anaishi namba 7, Craven Road, London, na kujiita mpelelezi wa mambo ya kutisha. Ni mlevi wa zamani asiyegusa tena pombe, hali nyama, huvaa shati jekundu na koti jeusi kila siku ya Mungu, hupuliza klarineti vibaya, na kwa miaka mingi amekuwa akijenga mfano wa jahazi ambao haumaliziki. Silaha yake kuu ni kile anachokiita hisi ya tano na nusu. Bastola yenyewe huisahau nyumbani, na msaidizi wake, Groucho, ndiye humrushia dakika za mwisho.

Sifa hizi zinaweza kuonekana kama mapambo, lakini ndizo zilizobeba jarida. Sclavi alikuwa na tabia ya kuwaweka wasomaji katika hali ambayo hawakuweza kuamua kama jinamizi lililo mbele yao lipo kweli, au limezaliwa na wazimu, au ni hila ya mwanadamu mwenye sababu zake. Dylan mwenyewe huwa na mashaka juu ya wateja wake, huku akiwa tayari kuwaamini pale polisi wanapowacheka. Mara kwa mara zimwi ndilo linalostahili huruma, na jirani mwema ndiye anayetisha. Mambo haya yote, yaani mashaka, mazungumzo, mteja ambaye hatujui kama anasema kweli, hayahitaji fedha. Mchoraji huyaweka katika visanduku sita vya ukurasa mmoja, na mwigizaji mzuri huyaweka katika chumba kimoja chenye taa moja.

Msomaji wa Kiswahili hana haja ya kwenda Italia ili aielewe hali hiyo. Muhammed Said Abdulla aliijua vizuri alipoandika Mzimu wa Watu wa Kale, ambamo mauaji yanafanyika mahali pa tambiko, watu wanaogopa, na Bwana Msa anaketi na kiko chake akiuliza nani alikuwa wapi. Mzimu unatiwa shaka, mashahidi wanatiwa shaka, na utamu wote uko katika kutojua kwa muda ni upande upi utakaoshinda.

Filamu iliongozwa na Kevin Munroe, ambaye kabla ya hapo alikuwa ameongoza filamu ya vibonzo ya kasa wanaopigana kwa mtindo wa kininja mwaka 2007, na muswada wake uliandikwa na Thomas Dean Donnelly pamoja na Joshua Oppenheimer. Aliyepewa nafasi ya Dylan ni Brandon Routh, aliyekuwa amecheza Superman mwaka 2006, na msaidizi wake akawa Sam Huntington, ambaye katika filamu ile ile ya Superman alikuwa rafiki yake mpiga picha. Anita Briem alicheza mteja, Taye Diggs akawa mkuu wa wanyonya damu, Peter Stormare akawa mzee wa ukoo wa mbwamwitu, na mwanamieleka Kurt Angle akawa mmoja wa watu wa ukoo huo. Kwa filamu ya kiwango hicho cha fedha, kundi hili si la kudharauliwa.

Mabadiliko matatu ndiyo yaliyowakera mashabiki wa Italia tangu mwanzo. La kwanza ni kutokuwepo kwa Groucho. Kwa kuwa mhusika huyo amechorwa kwa sura ya mchekeshaji wa Kimarekani Groucho Marx, masharubu yake na yote, suala la haki za sura hiyo lilikuwa limekwishaleta tabu mwaka 1999, pale shirika la Dark Horse lilipotoa tafsiri ya Kiingereza ya baadhi ya matoleo na kulazimika kumfuta masharubu na kumwita Felix. Filamu haikumfuta masharubu peke yake. Ilimwondoa mwenyewe na kumweka kijana aitwaye Marcus. La pili ni gari: Volkswagen nyeupe yenye paa jeusi ya Dylan iligeuzwa ikawa nyeusi yenye paa jeupe, na sababu inayotajwa ni kukwepa kufanana na gari maarufu la filamu za Disney. La tatu, na kubwa kuliko yote, ni kuhamishwa kwa kisa kizima kutoka London hadi New Orleans, katika jimbo la Louisiana, ambalo tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 lilikuwa likiwavutia watengenezaji wa filamu kwa nafuu kubwa ya kodi.

Naelewa uchungu wa mashabiki, lakini siwezi kukubali kwamba hapo ndipo filamu ilipoharibika. Constantine, iliyotoka mwaka 2005, ilimchukua mhusika wa katuni aliyekuwa Mwingereza mwenye nywele za rangi ya dhahabu, ikamfanya Keanu Reeves mwenye nywele nyeusi, ikamhamishia Los Angeles, na bado ikaingiza zaidi ya dola milioni 200 duniani na kupata wapenzi wanaoitetea mpaka leo. Mpelelezi wa mambo ya mizimu anaweza kuhama mji. Asichoweza kufanya ni kuacha kupeleleza.

Kisa chenyewe kinaanza vizuri. Elizabeth Ryan, binti wa mfanyabiashara aliyekuwa akiingiza vitu vya kale kutoka nje, anaukuta mwili wa baba yake nyumbani pamoja na kiumbe chenye manyoya kisichofanana na mnyama yeyote. Anamtafuta Dylan, ambaye zamani alikuwa mpatanishi kati ya binadamu na viumbe wa usiku wa mji huo, lakini ameacha kazi hiyo tangu mpenzi wake Cassandra alipouawa na yeye akalipiza kisasi kwa kuwaangamiza wazee wa wanyonya damu. Sasa anapeleleza mambo madogo ya ndoa na bima. Anakataa kesi. Kisha Marcus anauawa, anafufuka akiwa zombi, na Dylan anarudi kazini. Yote haya ni ya kawaida kabisa katika hadithi za upelelezi, na si vibaya yakiwa ya kawaida, kwa sababu mtazamaji hukubali mlango unaofahamika ilimradi ndani ya nyumba kuna kitu.

Ndani hakuna. Kuanzia hapo upelelezi wa Dylan unakuwa ziara. Anakwenda kwa mbwamwitu kwa sababu tayari anajua wanaishi wapi na mzee wao ni nani, kunazuka ugomvi, anapata jina. Anakwenda katika klabu ya usiku ya wanyonya damu kwa sababu tayari anajua inamilikiwa na nani; kunazuka ugomvi mwingine; anapata jina lingine, safari hii la kifaa cha kale kinachoitwa Moyo wa Belial, chenye damu ya pepo, ambacho kila ukoo unakitaka. Hakuna mahali ambapo Dylan analinganisha maneno ya mashahidi wawili na kugundua kwamba mmoja anadanganya. Hakuna mahali ambapo kitu tulichokiona mapema kinabadilika maana baadaye. Na juu ya yote hayo, sauti ya Dylan mwenyewe inasimulia kwa mtindo wa filamu za zamani za wapelelezi, ikimweleza mtazamaji nani ni nani, ukoo gani una uadui na upi, sheria gani inatawala viumbe gani. Katika filamu zile za zamani sauti hiyo ilitumika kuficha na kupotosha, kwa kuwa msimulizi alikuwa mtu aliyekwishashindwa na hakutaka kukiri mapema. Hapa inatumika kama kijitabu cha maelekezo ya mashine.

Tatizo la sheria linahitaji kuangaliwa kwa makini, kwa sababu ndilo linaloitofautisha hadithi ya upelelezi wa kawaida na ile ya upelelezi wenye mizimu. Katika ile ya kawaida, mtazamaji anajua tayari kwamba mtu hawezi kupenya ukuta. Kwa hiyo chumba kilichofungwa kwa ndani kinakuwa fumbo. Ukimwingiza kiumbe anayeweza kupenya ukuta, fumbo linakufa, isipokuwa kama mwandishi ameweka mapema na kwa uwazi mambo ambayo kiumbe huyo hawezi, kisha akayaheshimu mpaka mwisho. Muswada huu unafanya kinyume. Kila sheria inatangazwa wakati ule ule inapohitajika: tunaambiwa uwezo wa kifaa karibu na wakati wa kutumiwa kwake, na tunaambiwa jinsi ya kumshinda pepo pepo akiwa amekwishasimama. Mtazamaji hawezi kubashiri, na asiyeweza kubashiri hana cha kufanya isipokuwa kungoja.

Anayetaka kuiona filamu bila kujua mwisho wake aruke aya mbili zifuatazo, ingawa sidhani kama atakuwa amejiokoa na hasara yoyote.

Mwisho unafichua kwamba Elizabeth si binti mfiwa asiyejua kitu. Ametoka katika nasaba ya wawindaji wa viumbe wa usiku, na anataka kukitumia kifaa kile kumwamsha Belial ili awaangamize wote. Mteja kuwa ndiye adui ni mgeuko mkongwe, na ukipangwa vizuri unafanya kazi hata leo. Lakini ili ufanye kazi, lazima mtazamaji awe amepewa nafasi ya kumtilia shaka na akaikataa. Elizabeth haandikwi kama mtu. Anaandikwa kama mwanamke wa kusindikizwa kutoka tukio hadi tukio, akishangaa panapohitajika mshangao na kumbusu mpelelezi panapohitajika busu. Uso wake unapobadilika mwishoni, hakuna kitu cha nyuma kinachobadilika pamoja nao.

La kusikitisha zaidi ni kwamba katika mazungumzo ya haraka karibu na mwisho kuna wazo la maana sana ambalo waandishi walilipita kama wapita njia. Vargas, mkuu wa wanyonya damu, anadokeza kwamba kifo cha Cassandra kilipangwa makusudi ili hasira ya Dylan iwaondoe wazee wale na kumwachia Vargas kiti. Kwa maneno mengine, shujaa wetu, aliyekuwa amepewa dhamana ya uamuzi wa haki kati ya pande mbili, aliwahi kuhukumu bila kupeleleza na akawaua wasiohusika. Hiyo ndiyo kesi. Hicho ndicho kitu ambacho Dylan wa Sclavi angekichimba kwa kurasa zote za toleo, akiwa hana usingizi, klarineti mkononi. Filamu inakitumia kama sababu nyingine ya kurushiana ngumi, kisha inaendelea na pepo wake.

Pepo huyo, pamoja na mbwamwitu na mapigano, ndipo fedha zilipokwenda, na zinaonekana kupungua njiani. Sura za kubandika za mbwamwitu zinavumilika gizani na kuchekesha kwenye mwanga. Aidha, filamu ililenga daraja linalowafaa vijana kuanzia miaka 13, wakati jarida lilijengwa juu ya damu, mahaba na mauti yasiyofichwa. Matokeo yake ni vitisho visivyotisha na mapigano yasiyoumiza. Hapa ndipo hoja ya uhaba wa fedha inapokuwa na ukweli, lakini ukweli wake unaigeukia: aliyekuwa na dola milioni 20 ndiye aliyechagua kisa kinachohitaji dola milioni 100.

Ushahidi bora wa hoja hiyo umo ndani ya filamu yenyewe. Sehemu pekee zinazoishi ni zile za Marcus anapojifunza kuwa zombi. Anapelekwa katika kikao cha kusaidiana cha wafu wenzake, wanaokaa kwenye viti vya duara wakizungumzia hali yao mpya. Mkono wake unaharibika na inabidi kwenda kununua mwingine, kwa mtu anayeuza viungo vilivyokwishatumika kama fundi wa gereji anavyouza vipuri vya mtumba. Anagundua kwamba chakula alichokipenda hakimfai tena. Huntington anaigiza hofu ya mtu wa kawaida ambaye mwili wake umemsaliti, na kicheko kinachotoka kina uchungu kidogo ndani yake. Matukio haya yamepigwa katika vyumba vya kawaida, yana waigizaji wachache, na hayahitaji hila za kompyuta. Ndiyo yaliyo karibu zaidi na jarida, ijapokuwa Marcus si Groucho, na bila shaka ni miongoni mwa yaliyogharimu kidogo kabisa.

Kuhusu Routh, lawama aliyopewa naiona kubwa kuliko kosa. Ana urefu, ana uso, ana upole wa sauti unaomfaa mtu aliyechoka. Anachokosa ni jambo la kufanya. Mwigizaji hawezi kuonyesha akili inayofikiri ikiwa muswada haujampa cha kufikiria.

New Orleans pia ilistahili zaidi. Ni mji ambao wafu wake huzikwa katika makaburi yaliyojengwa juu ya ardhi, kama vijumba, yakipangana mitaa kwa mitaa. Mji wenye historia ndefu ya dini ya Voodoo na kumbukumbu ya Marie Laveau, kuhani wa kike mashuhuri wa dini hiyo. Mji ambao kimbunga Katrina kiliuzamisha mwaka 2005 na kuacha nyumba zilizohamwa ambazo miaka michache baadaye, wakati filamu inatengenezwa, bado zilikuwa zimesimama tupu. Mpelelezi wa wafu katika mji huo angeweza kupata kesi katika kila mtaa. Filamu ilifuata nafuu ya kodi na kuutumia mji kama pazia la nyuma.

Kama kuna anayedhani kazi ya Sclavi haiwezi kufanyika kwa fedha chache, zipo filamu mbili za kumjibu. Mwaka 1994 Michele Soavi aliongoza Dellamorte Dellamore, kutokana na riwaya ya Sclavi mwenyewe, juu ya mlinzi wa makaburi ambaye wafu wake hufufuka baada ya siku chache. Mhusika mkuu ni Rupert Everett, ambaye ndiye aliyekuwa kielelezo cha sura ya Dylan tangu michoro ya mwanzo. Sehemu kubwa ya filamu hiyo inafanyika makaburini na katika mji mdogo, na nguvu yake inatokana na swali moja ambalo mlinzi anazidi kushindwa kulijibu: wapi mstari kati ya kuwaua wafu na kuwaua walio hai. Ya pili ni Vittima degli eventi ya mwaka 2014, kazi ya vijana wa Italia waliochangisha fedha kwa umma kupitia intaneti na kuitoa bure. Nao walihamisha kisa, safari hii kwenda Roma, lakini Groucho yumo na mashaka yamo.

Filamu ya Munroe inafunga kwa Dylan na Marcus kurudi kazini pamoja, ofisi ikiwa wazi kwa wateja wa aina zote, kwa namna inayoonyesha kwamba sehemu ya pili ilikuwa ikitarajiwa. Haikuja. Mwaka 2019 shirika la Bonelli lilitangaza mpango wa kutengeneza tamthilia ya televisheni ya Dylan Dog yenye vipindi 10, kwa ushirikiano na kampuni ya Atomic Monster ya James Wan, mwongozaji wa filamu za kutisha. Mfumo wa vipindi unafanana zaidi na jarida la kila mwezi kuliko filamu ya dakika 107, kwa sababu unaruhusu kesi ndogo, mteja mmoja, na chumba kimoja cha Craven Road ambamo mtu anaketi na kueleza jambo lisiloaminika huku mpelelezi akimtazama machoni, hajaamua bado.